Tumaini Wakati wa Masika

Jioni hii tumepewa nafasi ya kusema maneno machache juu ya majira haya ya masika, na jinsi Mkristo awezavyo kuyapitia bila kuvunjika moyo. Twasema hasa na watu wa mashamba ya Unguja, watu wa Kidichi na Kizimbani na vijiji vya jirani, maana hao ndio tuwajuao zaidi. Lakini watu wa mjini nao wasizibe masikio, kwani mvua hainyeshi shamba peke yake.

Kwanza tuondoe jambo moja linalowatatiza wanafunzi. Vitabu vingi vya dini tulivyovirithi vilitungwa Ulaya, na huko taabu ya mwaka ni majira ya baridi. Jua huchelewa kuchomoza na kuwahi kuchwa, miti hupukutisha majani ikasimama kama iliyokufa, theluji hufunika mashamba, na maskini hukosa kuni. Ndiyo sababu watu wa huko, waadhimishapo Kuzaliwa kwa Bwana katika Desemba, husema mengi juu ya taa gizani na moto wa kuota. Kwao hayo ni mambo ya kuonekana kwa macho. Kwetu Desemba ni mwezi wa jua, kaskazi inaanza kuvuma, na maembe yanaiva. Mwanafunzi akiambiwa afikiri habari ya Noeli kama moto katika baridi, hujiuliza moyoni, nani aote moto Desemba? Wala hana kosa.

Taabu yetu sisi imewekwa mahali pengine katika mwaka. Imewekwa baina ya Machi na Mei, katika masika, na kipupwe kinachofuata humkuta mtu amekwisha dhoofika. Sasa itazameni kalenda. Ni sikukuu gani iangukayo katika masika? Ni Pasaka. Kwa hesabu ya makanisa ya magharibi haiwi kabla ya tarehe 22 Machi, wala haiwi baada ya tarehe 25 Aprili. Maana yake ni kwamba kila mwaka Kanisa hutangaza habari ya Ufufuo katika Unguja wakati mawingu yamejikusanya au mvua imekwisha anza, na waendao ibada huvishika viatu mkononi. Watu wa nchi za baridi huipata Noeli yao gizani. Sisi huipata Pasaka yetu matopeni. Nasi twaona hii si hasara hata kidogo, kama tutakavyoonyesha.

Mtu wa Kidichi hana haja ya kuelezwa masika, lakini wasikilizaji wa bara labda wana haja. Kidichi iko katika vilima vilivyo kaskazini ya mji, na udongo wake ni ule mwekundu wenye kina uitwao kinongo, ambao mkarafuu huupenda kuliko udongo wote. Udongo huo ukishiba maji huteleza kama sabuni. Njia zishukazo bondeni hugeuka mifereji. Paa la makuti lililovumilia kiangazi chote huanza kuvuja pembe moja, kisha pembe ya pili, mpaka kitanda hakina pa kuhamia. Kuni ni mbichi, na moshi hujaa jikoni. Mpunga ungali kijani bondeni, ilhali akiba ya mwaka jana imekwisha, basi watu hula muhogo asubuhi na muhogo jioni. Kusi ikishika nguvu bahari huchafuka, mvuvi mwenye ngalawa ndogo hukaa pwani akishona nyavu, na samaki wachache wapatikanao bei yake haimfai mwenye watoto sita. Nguo hazikauki. Mbu huzaliana katika kila kifuu cha nazi kilichoachwa uani. Shuleni mwalimu huita majina akajibiwa na nusu ya darasa. Wengine wana homa, wengine hawana nguo kavu, na wengine wamezuiwa na mama zao kuvuka bonde lililojaa maji. Na mama hao wana haki.

Hayo yote ni ya kila mwaka, na watu wameyazoea. Lakini iko nyumba ambayo masika huikuta na jambo zaidi: baba hana kazi, au mtoto amekufa, au mzee amelala kitandani tangu Machi bila kuinuka. Kwa nyumba kama hiyo sauti ya mvua usiku kucha juu ya makuti ni mateso. Ndiyo nyumba tuifikiriayo jioni hii.

Wapitaji wengi huifikia nyumba hiyo na maneno. Mmoja husimama mlangoni, mwavuli mkononi, akasema kwamba ni mapenzi ya Mungu, wavumilie, kisha huyo akaenda zake. Mwingine, naye ni mbaya zaidi, huanza kuuliza kwa siri wamefanya dhambi gani hata wakapatwa na hayo. Wote wawili hujiona wamefariji. Tusomapo habari za Ayubu twaona kwamba rafiki zake walipofika kwanza waliketi naye chini siku 7 wasiseme neno, na hapo walifanya vema sana. Walianza kukosea walipofumbua vinywa. Waalimu na makatekista tungefaa kukisoma kitabu hicho mara kwa mara, kwani sisi ndio wepesi wa kusema.

Basi sisi tutawezaje kusema juu ya tumaini bila kuingia katika kundi hilo? Twaona njia ni kutazama mambo yaliyotukia kweli katika nchi hii, na kuyasema jinsi yalivyokuwa, pamoja na hasara zake.

Mwaka 1872 Pasaka iliangukia tarehe 31 Machi. Jumapili ya pili baada yake, tarehe 14 Aprili, ndiyo siku ambayo Kitabu cha Sala cha zamani cha Kanisa la Uingereza kiliweka Injili ya Mchungaji Mwema, katika mlango wa 10 wa Yohana, habari ya mchungaji asiyekimbia ajapo mbwa mwitu. Kesho yake, Jumatatu tarehe 15 Aprili, tufani kubwa ikaipiga Unguja. Hapa kwetu tufani za namna hiyo ni nadra sana, maana nyingi hupita kusini, na watu hawakuwa wamejiweka tayari. Merikebu za Seyyid Barghash, aliyekuwa hajatimiza hata miaka miwili katika ufalme, ziliharibika bandarini. Minazi ilivunjika. Na mikarafuu, iliyokuwa mali ya kisiwa, iling'olewa na kulazwa vilimani, hata sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja ikapotea kwa siku moja. Pemba iliponea sehemu kubwa, na tangu hapo ikaitangulia Unguja kwa karafuu. Mtu asidhani hizi ni habari za kale tu: tarehe ile ile, 15 Aprili, mwaka 1952, Lindi ilipigwa na kimbunga, na mwezi wa Mei mwaka 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika Mafia.

Hamamu ya Kidichi, iliyojengwa na Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi yapata mwaka 1850, ilisalia, na mpaka leo wageni huenda kuitazama. Kuta za mawe zilizojengwa kwa raha ya mfalme zilisimama, na miti iliyowalisha watu ikaanguka. Mtu akitaka kutuambia kwamba tufani huchagua kwa haki, na aende Kidichi akafikiri tena.

Lakini kuna jambo lisilosemwa sana juu ya mwaka ule. Wenye mashamba walihesabu hasara yao, nayo ilikuwa kubwa kweli. Bali watu walioamka Jumanne asubuhi katika tope, wakaanza kukata magogo na kuyaburura na kuchimba mashimo ya kupandia upya, hawakuwa wenye mashamba. Walikuwa watumwa. Soko la watumwa lilikuwa bado wazi kule Mkunazini, mjini. Kwa mwenye shamba tumaini lilikuwa kwamba mikarafuu itaota tena. Kwa yule mwenye jembe mkononi mikarafuu ikiota au isiote, hali yake ni ile ile. Tena miti ikianguka ndipo kazi izidipo. Tumaini linalomfaa mwenye mali tu halitoshi kuitwa tumaini la Kikristo. Ni lazima limfikie huyu wa mwisho, ama sivyo ni hesabu ya biashara.

Twendeni kwanza baharini, kisha tutarudi Mkunazini. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 27, kuna safari ambayo watu wa pwani wataielewa kuliko watu wengine wote. Paulo ni mfungwa, apelekwa Rumi katika merikebu yenye shehena ya ngano. Msimu wa kusafiri umepita, majira ya baridi yanakaribia, naye awaonya wasiondoke. Lakini nahodha na mwenye chombo wafikiri vingine. Upepo wawashika. Kwa siku nyingi hawaoni jua wala nyota. Usiku wa siku ya 14 mabaharia wahisi nchi kavu iko karibu, watia bildi na kupata pima 20, mbele kidogo pima 15. Kwa hofu ya miamba watupa nanga 4 upande wa tezi na kungoja alfajiri.

Angalieni alichokifanya Paulo katika saa hiyo. Hakuwaambia kwamba tufani si kitu. Alikuwa amekwisha kuwaambia waziwazi kwamba chombo kitapotea, ila roho ya mtu hata mmoja haitapotea. Kisha alitwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaumega, akala. Nao wakatiwa nguvu wakala, watu 276, mabaharia na askari na wafungwa. Walipokwisha kushiba waliitupa ngano baharini ili chombo kiwe chepesi. Chombo kikavunjika kama alivyosema, na watu wote wakafika pwani, wengine kwa kuogelea na wengine juu ya mbao.

Hii ndiyo tofauti kati ya faraja ya kweli na faraja ya mtu wa mlangoni mwenye mwavuli. Faraja ya kweli huihesabu hasara. Huweza kusema, chombo hiki hakitapona, shamba hili mwaka huu halitatoa kitu, mzee huyu labda hatainuka tena. Na baada ya kusema hayo huketi na kumega mkate pamoja na aliye na njaa. Aliyeshiriki chakula na mwenye huzuni amemfariji zaidi ya aliyemsomea milango mitatu.

Tena msiache mlango unaofuata. Kisiwa walichofikia kilikuwa Malta, na wenyeji wake hawakumjua Mungu wa Paulo. Lakini kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha na baridi ilikuwapo, waliwasha moto na kuwakaribisha wote waliotoka majini. Paulo mwenyewe aliokota mzigo wa kuni akautia motoni. Wakakaa katika kisiwa kile miezi 3, mpaka baridi ilipopita.

Twapenda sana habari hiyo kwa sababu inafanana na maisha yetu. Katika mashamba ya Unguja nyumba za Wakristo ni chache katikati ya jirani Waislamu. Mara ngapi katika masika moto wa nyumba ya Mkristo umewashwa kwa kuni kavu zilizotoka chini ya uvungu wa jirani? Mara ngapi bakuli la uji limevuka uani limefunikwa kawa, na aliyelileta hakungoja kushukuriwa? Mkristo anayedhani kwamba Mungu humfariji kwa mkono wa Wakristo wenzake tu hajaisoma habari ya Malta. Na asisahau kwamba Paulo hakuketi tu akiota, aliokota kuni. Jirani naye ana paa livujalo.

Sasa turudi Mkunazini. Miezi 14 baada ya tufani, mnamo tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko likafungwa. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule, tarehe 25 Desemba 1873, liliwekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu mahali pale pale palipokuwa soko. Wakristo wa Unguja wakati huo walikuwa wachache mno. Wamisionari wa misheni ya vyuo vikuu, Askofu Tozer na Dakta Steere, walikuwa wamefika mwaka 1864, na wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto 5 waliotolewa katika jahazi ya watumwa, ambao Seyyid Majid aliwapa. Wengi wa walioungana nao baadaye walikuwa watu wa namna hiyo hiyo, waliotekwa wakiwa wadogo, wasioijua tena njia ya kwao.

Fikirini basi. Kisiwa bado kina magogo ya tufani vilimani. Fedha ni haba. Waumini hawajai nyumba moja kubwa. Nao waanza kujenga kanisa la mawe ambalo lingewameza wote na kubaki tupu. Dakta Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, alisimamia kazi ile mwaka baada ya mwaka, na dari lake lilijengwa kama upinde mmoja wa matumbawe na saruji, ambao umestahimili masika zote tangu hapo. Alikufa mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare. Mmoja wa watoto wale 5, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Mtoto aliyetolewa jahazini kama bidhaa alisimama akahudumu katika mji uliokuwa na soko.

Lakini tusipambe mambo. Soko lilifungwa mwaka 1873, utumwa wenyewe haukufutwa katika sheria za Unguja hata mwaka 1897. Miaka 24! Mtu aliyepanda mche wa mkarafuu katika tope la 1872 angeweza kuuona ukizaa, kisha ukizaa tena na tena, na yeye angali mtumwa. Wengine walikufa kabla. Hatuwezi kuwaambia kwamba subira yao ililipwa hapa duniani, wengi hawakulipwa. Kwa ajili ya hao imani yetu haina neno jingine ila Pasaka yenyewe, kwamba Bwana aliyeuawa kifo cha watumwa, maana msalaba kwa sheria ya Warumi ulikuwa hasa adhabu ya watumwa, Mungu alimfufua, wala hakumfufua awe peke yake. Kama neno hilo si kweli, basi waliokufa wamekwisha na hatuna la kuwaambia watu wao. Sisi twaamini ni kweli. Twaliamini kwa taabu siku nyingine, hasa siku ya maziko katika mvua, kaburi likijaa maji kabla mwili haujashushwa, lakini twaliamini.

Na udongo wa Kidichi una ushuhuda wake mdogo juu ya jambo hili. Mche wa mkarafuu hupandwa lini? Si katika Januari, jua likiwaka na njia zikiwa kavu na mtu akijisikia nguvu. Mche ukitiwa ardhini wakati huo hunyauka upesi. Hupandwa katika masika, wakati mkulima ana tope mpaka magotini na tumbo lake halijashiba. Hutolewa kitaluni pamoja na udongo wake, hushushwa shimoni polepole mizizi isikatike, kisha hupewa kivuli, cha mgomba au cha muhogo, kwa maana ukiachwa bila kivuli jua la kwanza huuharibu. Hata hivyo hautazaa mwaka huo wala ujao. Huhitaji yapata miaka 7 au 8 kabla mtu hajapanda ngazi kuchuma. Wazee wengi wamepanda mikarafuu wakijua kwamba ngazi itakuwa ya wajukuu.

Twalisema hili la kivuli kwa sababu wengi hulisahau. Aliyepatwa na msiba ni kama mche uliohamishwa: mizizi yake imeguswa. Kumwambia asimame imara peke yake ni kumwacha juani. Basi twawaomba waalimu, makatekista na wazee wa kanisa wafanye mambo ambayo hayahitaji elimu nyingi. Nyumba yenye mgonjwa iendewe kila juma, na aendaye achukue kitu, ijapokuwa mafungu mawili ya muhogo au kibiriti kilichofungwa katika nailoni kisilowe. Sala iwe fupi. Watoto wa nyumba hiyo wasifukuzwe shule kwa sare chafu katika mwezi ambao hakuna nguo ikaukayo. Vijana wenye nguvu wakashone makuti mapya juu ya pembe inayovuja. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, nayo mwenye nyumba ataikumbuka kuliko hotuba hii. Na mgonjwa mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku ile ile, si baada ya kuombewa siku tatu, kwani kumwombea mtu na kumpeleka kwa daktari havikatazani.

Nanyi mlio katika nyumba tuliyoitaja, mnaosikiliza huku mmeweka sufuria chini ya matone, hatuna amri ya kuwaambia mvua itakatika lini. Mkiweza kusali, salini. Msipoweza, jirani zenu katika Kanisa watasali kwa ajili yenu mpaka mtakapoweza tena, na hilo si aibu. Hata kule merikebuni mmoja alimshukuru Mungu na wote 276 wakala.

Muda tuliopewa umekwisha. Mei haijatoka bado, na mwenye miche kitaluni angali ana siku za kuipanda. Kwa herini.